Vyuo Vikuu vya Mwanza Viwafungulie Watu wa Ziwa Milango

Nilizaliwa na kukulia Nyegezi, jijini Mwanza, na sasa ninaishi Leiden, mji mdogo wa Uholanzi ambao chuo kikuu chake kilianzishwa mwaka 1575. Ndugu na marafiki wa nyumbani huniuliza zaidi kuhusu mshahara na baridi. Kwangu mimi, jambo la huku ambalo ningetamani kuliona kwetu hata kesho ni desturi ya chuo hicho kumruhusu mtu yeyote aingie na kusikiliza.

Profesa mpya hutoa mhadhara wake wa kwanza hadharani, katika jengo la kale lililo kando ya mfereji wa Rapenburg ambalo chuo kimelitumia tangu mwaka 1581, na hakuna anayedaiwa kiingilio. Albert Einstein naye alitoa mhadhara wa namna hiyo chuoni hapo mwaka 1920. Mwanafunzi wa uzamivu hutetea tasnifu yake mbele ya wazazi, majirani na yeyote aliyependa kuja, hadi dakika 45 zinapotimia na mtumishi wa chuo mwenye fimbo ya heshima kuingia na kutangaza kwa Kilatini kwamba muda umekwisha. Ipo pia mihadhara ya jioni inayoandaliwa mahususi kwa ajili ya wananchi, ambamo wastaafu hukaa safu za mbele wakiwa na madaftari yao na kuuliza maswali bila woga.

Ni katika jioni za namna hiyo nilipolijua ziwa letu, Ziwa Victoria, kwa undani. Watafiti wa Leiden walianza kuwachunguza furu, samaki wadogo wa aina nyingi, katika Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, wakati ambapo furu bado walikuwa sehemu kubwa ya samaki wote ziwani. Katika miaka ya 1980 sangara, aliyekuwa amepandikizwa miongo kadhaa kabla, aliongezeka kwa kasi, na aina nyingi za furu zikatoweka. Wataalamu hukadiria kwamba huenda zilifikia 200. Lakini sangara hakuwa sababu pekee. Jike wa furu humtambua dume wa aina yake kwa rangi, na maji yalipochafuka kwa udongo na mwani, rangi hizo hazikuonekana vizuri tena, hivyo aina zilizokuwa mbalimbali zikaanza kuchanganyika kwa kuzaliana aina moja na nyingine. Sampuli za samaki hao zimehifadhiwa hadi leo katika makumbusho ya Naturalis, mjini humu humu.

Mama mmoja mzee aliyeketi kando yangu aliuliza kama wavuvi wa Mwanza wanayafahamu hayo. Swali lile liliniuma, kwa sababu nilijua kwamba walio wengi hawajawahi kuelezwa.

Si kwamba Mwanza haina wasomi. Tuna Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino kule Malimbe, tuna chuo cha afya pale Bugando, tuna taasisi zinazotafiti uvuvi na magonjwa, kichocho kikiwemo. Wala wazo hili si geni nchini, kwani mwaka 2009 mwandishi wa Nigeria, Wole Soyinka, alizungumza katika tamasha la Kigoda cha Mwalimu Nyerere, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Hata hivyo, nilipokuwa likizo niliwahi kuzuiwa kwenye geti la chuo kimoja kwa kuwa sikuwa na kadi ya mwaliko. Mlinzi alitimiza wajibu wake na simlaumu. Tatizo ni mazoea ya kuufanya mhadhara uwe shughuli ya mgeni rasmi, ambapo utambulisho wa meza kuu hula nusu ya muda na mada yenyewe husomwa kwa Kiingereza.

Na bado nadhani kwetu jambo hili lingestawi kuliko huku. Hapa Leiden, baada ya mhadhara, watu hunywa kinywaji kimoja, huzungumza na wanaofahamiana nao, kisha huondoka. Mgeni anaweza kusimama peke yake ukutani hadi mwisho. Kijiwe cha kahawa cha Mwanza hakimwachi mtu hivyo. Ukikaa tu, utasalimiwa, utaulizwa utokako, na utatakiwa kutoa maoni yako kuhusu hoja iliyopo mezani.

Kwa hiyo naviomba vyuo vyetu vianze na mhadhara mmoja kwa mwezi, kwa Kiswahili, usio na meza kuu, na ikiwezekana ufanyike mwaloni, wavuvi wanakoshushia samaki, pale Kirumba au Igombe, badala ya ukumbini. Upangwe katika siku za mbalamwezi, ambapo wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani na taa zao, na nusu ya muda iachwe kwa maswali yao.