Nawaombea Wakatoliki Wayafunge Mahindi

Jumamosi hii, jamaa zangu, mimi Mswahili wa Mombasa niliyekula bakora za madrasa utoto mzima, nitakaa kitako niwaombee dua Wakatoliki wayafunge mahindi. Msianze kuniandikia kombe la dawa, akili zangu timamu. Wakatoliki ni timu ya mpira wa kikapu ya Saint John's, chuo cha watawa wa Kibenedikti pale Collegeville, hapa Minnesota, Marekani. Mahindi ni Concordia ya Moorhead: watu wazima, wamesoma, wakaketi wakakubaliana timu yao iitwe Cobbers, yaani watu wa magunzi, na mechini hutokea mtu kavaa vazi la muhindi, ule wa kuchoma, anarukaruka pembeni ya uwanja akiwapungia watoto. Sasa Saint John's akilala mbele ya huyo muhindi, sisi kwisha habari yetu. Akishinda, tunapumua mpaka Jumatano.

Sisi ni nani? Chuo chenyewe sikitaji, maana nina mtoto mle ndani na ada ya muhula bado nadaiwa. Jueni tu ni kimojawapo cha vile vyuo vidogo vya MIAC, konferensi, yaani ligi, ya vyuo vya Minnesota, ambavyo ukivitaja nyumbani mtu anakuuliza, "Hiyo ni sekondari?" Si sekondari. Ni vyuo vya heshima, vingi vya tangu karne ya kumi na tisa, ila wanafunzi wa chuo kizima ukiwakusanya hawajazi upande mmoja wa uwanja wa Kasarani.

Mwanangu yuko kwenye timu ya mpira wa kikapu. Ni mchezaji wa benchi. Sisemi kwa dharau, benchi nalo ni kazi, na yeye anaifanya kwa moyo: taimauti ikiitwa ndiye wa kwanza kusimama, anawagonga wenzake viganja mmoja mmoja, taulo huku, chupa ya maji kule. Kocha anasema kila timu inahitaji kijana wa namna hiyo. Nakubali kabisa. Lakini mbona awe wangu?

Na kinachonikereketa zaidi ni hesabu za pesa. Sisi tuko Divisheni ya Tatu ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo Marekani, nayo hairuhusu chuo kumlipia mtu masomo kwa sababu ya mchezo. Hata senti. Nyumbani wakisikia kijana anacheza mpira wa kikapu Marekani wanajua tumeshaukata. Shemeji yangu ameniagiza simu mpya, "maana mtoto ameshatoka." Ametoka wapi? Mtoto anafanya mazoezi kila jioni, anarudi kwa basi usiku wa manane theluji inaanguka, na bili inakuja kwa baba yake. Misaada ipo, ya wenye alama nzuri na ya wenye mifuko iliyotoboka, nasi tumepata ya pili. Kifungu cha kurusha mpira hakimo.

Wazazi wenzangu wana dawa yao. Ukilalamika kidogo tu, mmoja anakutolea Devean George. Huyu alisoma Augsburg, hapa hapa Minneapolis, na mwaka 1999 Lakers wakamchagua kwenye mgao wa wachezaji wapya, raundi ya kwanza, wa 23, akaenda kutwaa ubingwa wa NBA mara tatu mfululizo, 2000, 2001 na 2002. Sikatai, ni kweli tupu. Lakini tangu hapo hakuna mzazi wa MIAC anayemwangalia mwanawe kwa macho ya kawaida. Mzee mmoja ninayekaa naye jukwaani, kijana wake ana futi tano na inchi tisa akiwa amevaa viatu, na kila Jumatano ananieleza kwamba Lakers wa siku hizi wanakosa mtu wa pembeni.

Tuje kwenye zamu. Mimi nahudumia wazee usiku, Brooklyn Park, kazi ya Wakenya wengi wa huku. Mechi za konferensi ni Jumatano jioni na Jumamosi mchana. Jumatano haina neno, mwenzangu mmoja wa Kisii ananishikia zamu. Balaa ni Ijumaa usiku, maana ndiyo inayonitoa kazini Jumamosi asubuhi nikiwa nasinzia wima, na mwenzangu huyo ni Msabato. Jua likishazama Ijumaa, humpati. Nimemwomba, nimemsihi, nimempelekea mahamri na mbaazi. Mahamri anakula, Sabato haivunji. Nikasema basi, ligi si ingechezwa Jumapili? Nani akubali, wakati vyuo vyenyewe vingi vina mizizi ya Kilutheri na Kikatoliki? Kwa hiyo mimi Mwislamu nimebanwa katikati ya siku mbili za ibada za watu wengine, na swala yangu ya Ijumaa haijawahi kuhamisha mechi ya mtu.

Basi natoka kazini, nalala saa mbili tatu, naamka kukwangua barafu kwenye kioo. Nje ni nyuzi ishirini na kitu chini ya sifuri, pua inakauka ukivuta pumzi, betri ya gari inakohoa kabla haijakubali. Mama watoto ananitazama dirishani akiwa na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Hasemi kitu. Afadhali angesema.

Hizo ni mechi za nyumbani. Za ugenini, Duluth au Moorhead, mtu mwenye akili haendi. Moorhead iko mpakani na North Dakota, karibu kilomita 380 kutoka Minneapolis, na katikati hakuna cha kuuzuia upepo. Za huko tunatazama mtandaoni. Kamera ni moja, anaishika mwanafunzi, na mwanafunzi huyo ana simu. Mpira uko kikapu cha kulia, sisi tunaonyeshwa kikapu cha kushoto, kijana anapiga deki. Zikibaki sekunde arobaini na timu zimelingana, picha inaganda. Kwenye kioo unabaki na refa, kinywa wazi, filimbi nje, na hujui ameadhibiwa nani. Nimewahi kukaa mbele ya kinywa kile mpaka nikayajua meno yote ya yule baba.

Uwanjani kwenyewe kuna mambo. Mimi mpira nimeufunzwa Mombasa Stadium, ambapo refa akikosea anaelezwa habari za ukoo wake kuanzia kwa babu. Watu wa Minnesota hawana hayo. Mchezaji wetu kasukumwa mpaka kaingia kwenye tarumbeta za bendi, jukwaa zima linasema "oh," kwa sauti ya mtu aliyemwagikiwa na chai kidogo. Mimi nimesimama, mikono hewani, nimeshaanza na babu, nageuka nakuta nimesimama peke yangu na mtu nyuma yangu ananiuliza kwa upole kama najisikia vizuri.

Isipokuwa bibi mmoja. Bibi huyu yuko kwenye themanini, anakaa safu ya pili pembeni ya meza ya waandika pointi, na anafuma. Sindano mbili, uzi wa rangi ya chuo, na hainui macho. Ila kila kosa analijua. "Sekunde tatu," anasema, sindano zinaendelea. Filimbi inalia, ni sekunde tatu. "Kaburuza mguu." Filimbi, kaburuza mguu. Siku refa alipokosa kuliona kosa la wazi, bibi alisimamisha sindano, akavua miwani, akamnyooshea kijana wa watu kama anamkabidhi, kisha akairudisha machoni akaendelea na mstari wake. Jukwaa zima likatazama chini kwa aibu. Mimi nikasema moyoni, Alhamdulillahi, nimepata ndugu.

Ni yeye aliyenifunza historia ya balaa hili. Kwamba Hamline, chuo cha pale St. Paul tunachokutana nacho kila msimu, ndicho kinachotajwa kuwa kilicheza mechi ya kwanza kabisa ya mpira wa kikapu ya vyuo, tarehe 9 Februari 1895, dhidi ya shule ya kilimo ya jimbo. Wachezaji tisa kila upande. Na Hamline, wenyeji, wakafungwa 9 kwa 3. Hebu pigeni picha: watu kumi na wanane wamejazana uwanjani, wanakimbizana mchana kutwa, zinapatikana pointi kumi na mbili. Na bado kulikuwa na mzazi aliyekuja na baridi ya Februari kutazama hayo, na mwanawe bila shaka alikuwa wa kumi.

Zamani, bibi anasema, chuki ilikuwa rahisi. Kulikuwa na St. Thomas. Chuo kikubwa kuliko wenzake, bingwa wa taifa wa Divisheni ya Tatu mwaka 2011 na tena 2016, na kwenye mpira wa miguu wa Kimarekani mwaka 2017 kiliwahi kumpiga St. Olaf 97 kwa 0. Watu wote mkono mmoja, dua zote upande mmoja: St. Thomas afungwe. Basi wakubwa wa konferensi wakakaa kikao mwaka 2019 wakamtoa. Kosa lake? Kushinda mno. Wallahi, mimi nimeona timu zikishushwa kwa kufungwa, sijaona anayefukuzwa kwa kushinda. Mwaka 2021 akahamia Divisheni ya Kwanza moja kwa moja, akaruka ya Pili bila hata kuaga. Na sisi aliotuacha nyuma sasa tunachukiana kwa zamu, kulingana na msimamo wa ligi ulivyoamka Alhamisi.

Hapo ndipo Februari inaponimaliza. Novemba na Desemba mpira ni mpira, unafungwa na chuo cha Iowa unasema tulikuwa tunajipima. Konferensi ikishika moto, kila timu inakutana na kila timu nyumbani na ugenini, na matokeo ya mwenzako yanakuwa mali yako. Mkilingana ushindi, kwanza inaangaliwa mlivyopigana nyinyi kwa nyinyi. Mkiwa mmegawana, inaangaliwa nani kati yenu kamsumbua kinara. Hapo pia sare, mnashuka kwa wa pili, kwa wa tatu, mpaka mnafika kwa maskini wa mwisho. Wakilingana watatu, inakuwa kama hesabu ya mirathi, na marehemu ameacha wake wawili, dada, na mjukuu aliyejitokeza siku ya arobaini. Mezani kwangu kuna karatasi. Saint John's amfunge Concordia. Carleton amfunge Gustavus kule Northfield. Macalester, ambaye wiki iliyopita nilimwombea mabaya kwa jina, sasa namtakia heri na baraka, ila asizidishe, maana akishinda miwili anatupita.

Na yote hayo ni ya kuingia mchujo wa konferensi tu. Bingwa wa mchujo ndiye anayepata nafasi yake ya moja kwa moja kwenye mashindano ya taifa, timu 64. Wengine wanangojea kuitwa kwa kitu kinaitwa NPI, fomula iliyoanza kutumika kuchagulia timu msimu wa 2024-25, inayopima umeshinda mara ngapi na uliocheza nao wana nguvu gani. Maana yake ni nini kwa mtu wa zamu ya usiku? Maana yake hata chuo cha Iowa kilichotufunga Novemba natakiwa nikiombee kishinde, kisije kikatuaibisha. Dua zangu zimefika majimbo ya jirani. Wazazi wangu Mombasa wanapata Fatiha ya haraka haraka siku hizi.

Na Ramadhani nayo miaka hii inazunguka Februari na Machi, kwa hiyo tukiufikia huo mchujo, utatukuta tumo ndani ya swaumu. Mechi ya Jumatano jioni ina nafuu, jua linazama kabla ya mpira kurushwa, nakuja na tende zangu mfukoni na maji. Ya Jumamosi mchana ndiyo jaribio. Mlango wa uwanja una meza ya bisi, siagi inamiminwa mbele ya macho yako, na kijana anayeuza, kwa ukarimu wao ule, anakuongezea bila kuombwa. Nikimwambia nimefunga ananihurumia, ananipa na leso.

Mwanangu juzi aliingizwa. Ilikuwa imebaki dakika moja kasoro, tuko mbele kwa pointi ishirini na kitu, kocha akalimwaga benchi lote. Kijana alihangaika na zile suruali za mazoezi za vifungo mpaka sekunde kumi zikapita, akaingia, akagusa mpira mara moja, akampasia mwenzake kwa adabu. Basi. Bibi alisimamisha sindano zote mbili, na mimi nilipiga kelele ambazo walinzi walikuja kuziulizia.

Leo asubuhi mama watoto ameniuliza kama Jumatano nitakuwepo nyumbani, kuna wageni wa upande wao wanakuja kutoka Columbus. Nikaangalia karatasi yangu, nikamjibu kwa ukweli: inategemea Gustavus.

"Gustavus ni nani?" akaniuliza. "Ndiye yule anayekudai?"

Nikasema ndiyo, ndiye. Kumweleza mengine kungetufikisha alfajiri.