Kithao kinakufa, msiwalaumu watoto

Kuna kitu kinaniuma kila nikikutana na habari za lugha zinazopotea, mtu anasema tu vijana wameipuuza lugha yao, basi, yameisha. Mi nakataa. Chukueni Kithao, lugha ya kabila dogo pale Ziwa Sun Moon, Taiwan. Kabila zima ni watu mia kadhaa tu na wazee wanaokiongea sawasawa unawahesabu kwa vidole.

Sasa angalieni yaliyowakuta. Wajapani ndo walikuwa wanatawala, wakajenga mabwawa ya umeme, mwaka 1934 maji ya ziwa yakapanda, mashamba yakazama, kisiwa cha Lalu ambacho ndo makao ya mizimu yao kikabaki kama kichuguu, wenyewe wakahamishiwa sehemu nyingine kando ya ziwa na huko wakaja kuzidiwa na Wachina na mahoteli ya watalii. Wajapani kuondoka, ikaja serikali ya Kuomintang, chama kilichotoka China bara, shuleni Kimandarini tu, kuna watoto Taiwan walivishwa kibao shingoni kwa kosa la kuongea lugha ya kwao. Wakenya mliovaa disk shuleni mnanielewa. Mtoto aliyepitia hayo, akikua asiwafundishe wanawe, utamwita mvivu?

Na Taiwan ndo kwenye shina lenyewe jamani. Ukoo wa lugha ambao Kithao kimo, unaitwa Austronesia, umeenea kutoka Hawaii mpaka kwa jirani zetu Madagaska, na wataalamu wengi wanasema ulianzia hapo. Tano kwa Kithao ni tarima, Kimalei lima, Kimalagasi dimy.

Serikali iliwatambua rasmi 2001, halafu 2017 ikapitisha sheria kwamba lugha za wenyeji ni lugha za taifa. Sawa. Kuna na kamusi ya Kithao ya mtaalamu wa lugha Robert Blust ya 2003, zaidi ya kurasa 1,000, kazi kubwa mno na naiheshimu, ila kamusi haimbembelezi mtoto alale. Mi ningepeleka hela kule ambako Kithao bado kina kazi yake. Kila familia inatunza kikapu chenye nguo za mababu, na wako wanawake maalumu, wanaitwa shinshii, ndo wanaowaita mababu hao kwa Kithao mbele ya vikapu. Msichana anayetaka kurithi kazi hiyo alipwe mshahara kabisa, akae na hao mabibi kutwa, jikoni, shambani, kwenye ibada, sio vipindi vya darasani tu.