Kisu cha Siagi

Juzi binti yangu wa darasa la nne alirudi kutoka shule, hapa Göteborg, akaweka mezani kisu cha kupakia siagi alichokichonga mwenyewe. Ni cha mti mtupu, kimepigwa msasa mpaka kinateleza mkononi, kikapakwa mafuta. Karibu na mpini kuna kovu dogo, mahali alipokosea kuchonga, naye akalilainisha taratibu likageuka kama nakshi. Nilikishika muda mrefu. Nina miaka 38 na shahada mbili, na sijawahi kutengeneza kitu cha mti maishani mwangu. Na baba yangu ni seremala.

Somo hilo huku Sweden wanaliita slöjd. Ni la lazima kwa wavulana na wasichana: mbao, chuma, kushona, kufuma. Limetengewa saa 330 katika elimu ya msingi, na kuanzia darasa la sita lina alama kwenye ripoti kama ilivyo hisabati. Hakuna mtoto anayepelekwa karakana kwa sababu amechelewa namba.

Hapo ndipo moyo uliponiuma. Sisi tuliosoma Tanzania tunajua kazi ya mikono shuleni ilikuwa nini: adhabu. Umechelewa, fyeka. Umeongea Kiswahili sekondari, ng'oa kisiki. Umefeli zoezi, kamwagilie bustani ya mwalimu. Mtoto anakua akijua kwamba jembe hushikwa na mkosaji, halafu akimaliza shule tunamlaumu kwamba vijana wa siku hizi hawapendi shamba!

Na pale kazi ilipokuwa somo kweli, tuliliua kwa chaki. Nakumbuka kipindi cha Stadi za Kazi: mwalimu aliandika ubaoni hatua za kushona kifungo, sisi tukanakili. Sindano haikuwepo, uzi haukuwepo, kifungo kilikuwa kile cha shati langu, na kilikuwa kimening'inia. Mtihani ulipokuja nikaorodhesha hatua zote bila kukosea, nikapata alama za juu kabisa. Kifungo kilishonwa na mama.

Michezo nayo ni hivyohivyo. Ratiba inaandika michezo, kipindi kikifika anaingia mwalimu wa hisabati kumalizia mada. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya shule yalisimamishwa kabisa, eti yanaharibu masomo, na tukakubali.

Najua yatakayosemwa. “Umekaa ulaya kidogo, sasa unatuona washamba.” Hapana, ndugu yangu. Ningekuwa nawadharau nisingeumia. “Wenzetu wana pesa, sisi darasa moja lina watoto mia na ushee.” Ni kweli, na sitaki kuupuuza mzigo wa walimu wetu. Lakini nionyeshe pesa iko wapi katika kisu cha siagi. Ni kipande cha mti, kisu kikali na msasa. Mabaki ya mbao yanachomwa moto kila jioni pale Keko, Dar es Salaam, kwa mafundi seremala. Jijini humohumo mafundi wa kufua chuma wamejaa Gerezani, na wachongaji wa Kimakonde wako Mwenge, mikono yao inajulikana dunia nzima. Ni shule ngapi za jirani zimewahi kumwita hata mmoja wao aje asimame mbele ya darasa, aitwe mwalimu, alipwe nauli?

Wala si wazo la kizungu ninalowaletea. Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, akataka kazi iwe sehemu ya kujifunza, na wanafunzi washiriki kupanga na kuamua mambo ya shamba lao. Sisi tukachukua jembe, tukaacha kupanga na kuamua. Mwaka 1975 tulianza kufungua Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa kuiga mfano wa vyuo vya wananchi vya hukuhuku Sweden, na leo viko zaidi ya 50. Kwa hiyo tulishakuja kujifunza hapa zamani, kabla mimi sijazaliwa. Tatizo letu ni kwamba mtoto akitajiwa chuo cha ufundi nyumbani, anatajiwa kama tishio: “Usiposoma utaishia VETA.” Huku, kati ya programu 18 za kitaifa za sekondari ya juu, 12 ni za ufundi na kazi, na mzazi anayetaja mojawapo hateremshi sauti.

Ndiyo maana mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi na kazi, ulioanza kwenye mitaala mipya mwaka 2024 naushangilia kwa dhati na kuuogopea. Tukiufanya kapu la kutupia waliofeli, basi tumerudi kwenye kisiki.

Baba yangu alinifukuza karakana yake miaka yote. Nikisogea kwenye maranda kuchezea randa, ananiambia nenda kasome, mimi natoka jasho hapa ili wewe usije ukakaa hapa. Alifanya hivyo kwa kunipenda, maana alijua mtaani fundi anaitwaje na mwalimu anaitwaje.

Jana tulimpigia simu ya video. Binti akakileta kisu karibu na kamera. Mzee akavaa miwani, akamwambia akigeuze, akigeuze tena, amwonyeshe ubavu. Akanyamaza. “Hapo shingoni umepiga msasa kukata nyuzi za mti,” akasema. “Fuata nyuzi. Ona, mti wenyewe unakuonyesha.” Wakaendelea zaidi ya nusu saa, yeye akieleza namna ya kunoa, namna ya kujua mti uliokauka vizuri kwa kuugonga. Mimi nimekaa pembeni nimeshika simu, nasikiliza mambo ambayo baba yangu hakuwahi kunifundisha hata moja.