Naomba Tairi, Napimiwa Gramu

Jana nimeambiwa, na kijana ambaye ndevu zake bado ziko safarini, kwamba starehe si sababu ya kununulia tairi. Nilikuwa nimeingia dukani kwa heshima zangu zote, helmeti kwapani, kutafuta mrithi wa tairi la nyuma, na ombi langu nilikuwa nimelitunga kwa ufasaha tangu nyumbani: nahitaji tairi la baiskeli ya barabarani lisilonichosha mgongo, lisilotobolewa na kila kipande cha chupa, na ambalo bei yake haitanilazimu kumweleza mtu yeyote chochote nikirudi. Mambo matatu tu. Sikuomba tairi linaloimba.

Na tairi lenyewe sina ugomvi nalo. La nyuma hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mpandaji na ndilo linalosukuma safari nzima, kwa hiyo huisha mapema kuliko mwenzake, likianza kwa kuwa bapa katikati, kisha likikusanya mikato, na hatimaye kuonyesha nyuzi zake hadharani bila haya. Wajuzi nao hushauri kwamba jipya livikwe mbele na la mbele lihamishiwe nyuma, kwa sababu gurudumu la mbele likiishiwa upepo ghafla ndilo linalomlaza mtu chini. Yaani unatoka kwenda kutibu nyuma, unarudi umetibu mbele. Hata hilo nilikuwa nimelikubali kiungwana.

"Unashindana mashindano gani, mzee wangu?" kijana akauliza.

Nikamjibu kwamba nashindana na kiuno. Hakucheka. Alitoa mizani ndogo ya kidijitali chini ya meza, akailaza juu yake tairi la kwanza lililokunjwa, akangoja tarakimu zitulie, kisha akanigeuzia nizisome mwenyewe: gramu 230. Akaliondoa kwa vidole viwili, akaweka la pili: gramu 345. Alizitazama tarakimu, akanitazama mimi kuanzia ukosi wa shati hadi pale mshipi unapofanya kazi ya ziada, akarudi kwenye tarakimu, na kwa upole wa daktari anayetoa majibu mabaya akasema, "Gramu 115, mzee wangu. Na magurudumu ni mawili." Glasi ya maji niliyokunywa kabla ya kutoka nyumbani ilikuwa na uzito unaozidi hizo gramu 115 mara mbili, lakini sikumwambia, nikihofia angeiomba aipime.

Kisha akahamia kwenye nyuzi za kitambaa kilichofichwa ndani ya mpira wa tairi. Hili lina nyuzi 120 kwa inchi, lile 60, na kwa haki yake alikuwa sahihi kwamba nyuzi nyembamba na nyingi hutoa kitambaa chepesi kujikunja, ambacho hupita juu ya mabonde madogo bila kuyatuma yote kwenye mikono ya mpandaji. Asichokisema, mpaka nilipokichokoa, ni kwamba kitambaa hicho hicho chembamba kiko pia ubavuni, mahali ambapo mkanda wa kuzuia pancha kwa kawaida haufiki, na jiwe lenye ncha likikipata halihitaji kubisha hodi mara mbili. Asichokijua kabisa ni kwamba wapo watengenezaji wanaojumlisha tabaka, hivi kwamba tabaka tatu za nyuzi 110 huandikwa kwenye boksi kuwa 330. Kwa hesabu hiyo, mimi nikivaa mashati matatu nihesabiwe kuwa watu watatu, na duka linipe bei ya jumla.

Hapo ndipo nilipotamka upana, ambao hutajwa kwa milimita. Nilisema, bila kunong'ona, "Naomba 32."

Mteja aliyekuwa akichagua glavu aligeuka. Kijana aliweka mkono juu ya kaunta na kunieleza kwamba tairi pana linazubaa, na kwamba kasi ni wembamba na upepo mwingi, imani iliyotawala kwa miaka mingi na ambayo waendeshaji wa mbio wenyewe wameiacha, wakitoka milimita 23 kwenda 25, wakafika 28, na wengine wakapita hapo. Nilimweleza, kwa sauti ninayoitunza kwa shughuli za namna hiyo, kwamba tairi pana na jembamba yakijazwa upepo wa shinikizo moja na kubebeshwa mzigo mmoja hugusa barabara kwa eneo linalokaribiana, ila la pana hugusa kwa alama fupi na hivyo hujikunja kidogo. Na kwamba tairi lililojazwa hadi likawa jiwe, kwenye lami mbovu, humrusha mpandaji juu, na nguvu aliyokusudia kuipeleka mbele huishia kutikisa nyama zake. Nyama ninazo, nikamwambia, kwa hiyo hasara yangu ni kubwa kuliko ya wengine.

Nilipoona bado ananisikiliza kwa huruma, nikapanda mimbari. Tairi la upepo, nikasema, lilizaliwa kwa ajili ya starehe! John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alimtengenezea mwanawe aliyekuwa akitikiswa na baiskeli yake ya magurudumu matatu, akapewa hataza mwaka 1888, na ni mwaka 1889 ndipo Willie Hume alipolichukua na kuanza kushinda nalo mbio. (Hataza hiyo ilikuja kubatilishwa, kwa sababu Robert William Thomson alikuwa ameandikisha wazo hilo hilo tangu 1845, kwa hiyo mimi si wa kwanza kuonewa katika mambo ya matairi.) Starehe ilitangulia, nikahitimisha, mbio zilidandia tu.

Kijana alitafakari. "Huyo Dunlop," akauliza kwa nia njema kabisa, "alikuwa anatoa wati ngapi za nguvu kwenye pedali?"

Ningeweza kuishinda hoja hiyo kama si baiskeli yangu mwenyewe kuniangusha. Aliinama, akapitisha kidole kati ya tairi la zamani na breki, akafanya vivyo hivyo kwenye uma wa mbele, akainuka na kutangaza kwamba 32 haiingii hapa, 28 itapita kwa taabu, na kwamba ningekuwa na breki za diski na fremu ya kisasa tungezungumza lugha nyingine. Hata hiyo 28 ni ahadi tu, maana tairi lililoandikwa 28 likivikwa kwenye rimu pana hupanuka kupita kipimo chake. Ile 700 inayotangulia upana kwenye maandishi ya tairi, eti kipenyo cha gurudumu kwa milimita, ndiyo usiseme: ukichukua futi ukapima, hutaipata popote, kwa sababu rimu pale tairi linapokaa ina kipenyo cha milimita 622, na tairi jembamba la barabarani likishajazwa upepo halifiki hiyo 700. Tunauziwa namba ambayo gurudumu lenyewe halina habari nayo, na kila mtu anaitamka kwa kujiamini, mimi nikiwemo.

Rafiki ninayeendesha naye alinishauri kwa simu ninunue lile gumu lisilopata pancha, na alinishauri huku meno yake yakigongana. Shemeji alisisitiza lenye michoro mirefu lisiteleze kwenye maji, jambo lenye maana kwa gari, ila tairi jembamba la baiskeli hupasua maji lenyewe na hushika lami vizuri likiwa laini kama yai. Fundi wangu alisema ninunue la bei rahisi kuliko yote, tena alisema huku akitabasamu.

Habari ya tyubulesi, yaani tairi lisilo na tyubu, niliikataa mlangoni. Naambiwa ni tamu, unaendesha kwa upepo mdogo, hakuna mpira wa ndani wa kubanwa, na tundu dogo hujiziba lenyewe kwa ule ute unaomiminwa ndani. Ute huo hukauka baada ya miezi kadhaa na lazima uongezwe, na rimu nyingine hazina kulabu ya kushikia ukingo wa tairi, hizo zina ukomo wa shinikizo la baa 5 na haziruhusu kila tairi. Mimi nina shughuli nyingine duniani.

Kilichoniuma hasa, na hapa utani nauweka pembeni, ni kwamba tairi nililolitaka lipo na kijana alikuwa nalo rafuni muda wote: 28, mkanda wa kuzuia pancha, mpira mnene katikati, nyuzi za wastani, ukingo wa kukunjika, bei ya kati. Halipimwi kwenye mizani mbele ya wageni kwa sababu halivutii. Lingine kama hilo lenye ukingo wa waya lilikuwa rahisi zaidi, zito kidogo, na barabarani nisingeona tofauti yoyote, ila lilikuwa limefichwa nyuma ya chupa za maji. Nikalichukua hilo la waya. Alilifunga kwenye karatasi akinitakia afya njema.

Na bado kuna upepo, kwa sababu huwezi kununua starehe ukaijaza hadi ile namba ya juu iliyochorwa ubavuni, ambayo ni mpaka wa kutovukwa, ila watu huisoma kuwa ni amri. Mtu mzito hujaza zaidi, mwepesi hujaza pungufu, nyuma hujazwa kidogo kuzidi mbele, na mpaka hapo ningekuwa mtu wa amani laiti pampu zingekubaliana. Saa ya pampu yangu husoma kitu kimoja na ya jirani kitu kingine, kwa tairi lile lile na mchana ule ule. Leo asubuhi nimekutana naye getini akija kuazima ya kwangu kwa sababu ya kwake ni ya uongo, nami nilikuwa nimeshatoka nikienda kuazima ya kwake.