Nimeitunza, Ikafa Vilevile

Jumanne iliyopita nilipokea barua pepe ndefu ya kunifundisha kunawa mikono. Sitanii. Nilikuwa nimewaandikia wauzaji wa pete yangu janja, ile ya kuchaji inayopima mapigo ya moyo na joto la mwili, kwamba nikiichaji usiku ikajaa pomoni, kesho yake saa kumi jioni imeshazima, na hii ni pete iliyokuwa inakaa siku sita ilipokuwa mpya. Wakanijibu kwa ule upole wa watu wasiodaiwa chochote. Je, unaiosha kwa sabuni laini? Unaikausha vizuri? Unaivua unapobeba vitu vizito? Tafadhali itunze pete yako.

Jamani, naiosha kuliko ninavyojiosha mwenyewe.

Na nilijifunza kwa kuumbuka. Wiki ya kwanza tu nilikanda unga wa chapati nikiwa nimeivaa. Unga ukaingia kwa ndani, ukaziba vile vitundu vya taa. Pete hizi zinapima mapigo kwa kumulika ngozi na kusoma mwanga unaorudi. Taa ikimulika ngano, inasoma ngano. Mchana mzima nikaandikiwa kwamba sina mapigo. Tangu siku hiyo ikawa maji ya uvuguvugu, tone la sabuni, kitambaa cha kufutia miwani, halafu naikausha yenyewe na kidole pia, maana povu likibaki chini yake na joto hili la Dar, ngozi inachubuka ndani ya siku mbili. Jiki marufuku. Dawa ya kutolea rangi ya kucha marufuku. Kusugua sufuria, naivua. Bomba la kushikilia kwenye daladala, nabadilisha mkono, abiria wananishangaa. Niliihamishia kidole cha shahada baada ya kugundua imeikwaruza pete yangu ya ndoa, kwa sababu titani, metali iliyoundiwa pete hii, ni ngumu kuliko dhahabu, jambo ambalo sonara yeyote angeniambia bure. Shangazi alipoiona kwenye kidole hicho akaniuliza pembeni kama nimejiunga na watu fulani. Hayo tuyaache.

Betri nayo nimeilea kama mtoto njiti. Siiachi ifike sifuri, siiachi kwenye chaji ikiwa imejaa, naichaji ninapokwenda kuoga. Wanasema isikae kwenye joto. Sawa, na mwezi wa pili mimi niiweke wapi, kwenye friji na nyanya?

Kinachonichoma ni hili neno lao "itunze". Kwetu kitu kinachotunzwa kinafunguliwa. Baba anavaa saa ya kutia ufunguo aliyoachiwa na babu. Imebadilishwa kioo, imebadilishwa kamba sijui mara ngapi, imewahi kuingia maji mtoni ikakaushwa ikarudi kazini. Cherehani ya mama ina umri kunizidi, na kila mwaka inapakwa mafuta na kukazwa mkanda. Kutunza maana yake kuna mtu mwenye bisibisi mahali fulani anayeweza kuingia ndani akatoa kilichochoka akaweka kingine.

Basi nikaipeleka Kariakoo, kwa fundi simu ninayemwamini, kijana ambaye nimemwona akifufua simu iliyokanyagwa na bajaji. Akaiweka chini ya lenzi, akaizungusha, akaizungusha tena.

"Dada, hii hawakuitengeneza ifunguliwe. Nikiifungua nimeiua."

Akanionyesha. Kwa ndani imemwagiwa gundi ngumu inayoangaza kama kioo, na betri imepindwa kufuata duara la pete, imefukiwa humo humo pamoja na kila kitu. Haina skrubu, haina mfuniko. Hakunidai hata mia.

Betri zenyewe ni punje. Simu ya kawaida siku hizi ina milliampea-saa 5,000, ndicho kipimo cha chaji ambayo betri inabeba. Pete ina kama 20. Na betri ya lithiamu, uipende usiipende, inachoka: kila chaji inaimegua kidogo, joto linaimegua zaidi. Wahandisi wanalijua hilo kabla hawajachora mstari wa kwanza. Maana yake walipoifukia kwenye gundi walijua siku ya kufa kwake, wakaniuzia, kisha wananiuliza kama naikausha vizuri. Na usidhani ni kampuni moja yenye roho mbaya. Nitajie pete moja sokoni, iwe Oura, iwe Samsung, ambayo unaweza kuitoa betri nyumbani. Mimi sijaiona. Oura wao juu ya bei ya pete wana na ada ya kila mwezi.

Watasema gundi ndiyo inayozuia maji. Ni kweli, nakubali, nimeogelea nayo Kigamboni haikudhurika. Lakini saa za kuzamia baharini zina mfuniko wa nyuma na mpira wa kuzuia maji, na fundi saa anazifungua kila siku. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2023 kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vidogo mwenye kifaa aweze kuzitoa mwenyewe. Nilifurahi, nikaendelea kusoma, nikakuta wamewaachia mwanya watengenezaji wa vifaa vya kutumika majini, kwamba yatosha fundi aweze kuitoa. Hata huyo fundi tu, pete hizi zingemshinda.

Na inaniuma kwa sababu iliwahi kunifaa. Januari iliniambia usiku kwamba joto la mwili limepanda na mapigo ya mapumziko yamepanda. Nilijiona mzima. Nikaenda kupima kwa kuogopa tu, nikakutwa na malaria. Kwa hiyo siwezi hata kuichukia vizuri.

Mwisho wa barua yao wamenipa punguzo la asilimia ishirini nikinunua mpya. Hapo ndipo nikaelewa. Kuna kutunza kwingine, kule kwenye taarabu, unapoinuka na noti unampelekea mwimbaji jukwaani. Nadhani ndiko walikokusudia.

Kaka yangu wa Minnesota, aliyeninunulia ile ya kwanza, ameshaniuliza safari hii nataka rangi gani. Nimemjibu aniletee viatu.