Nauli ya anayejitolea

Katika kikao cha watu wanaojitolea kuhudumia wagonjwa na wazee majumbani, chini ya jumuiya moja ya waumini, mama mmoja aliuliza kama angeweza kurudishiwa nauli. Alikuwa na wagonjwa watatu, kila mmoja anaishi upande wake, na kwa jumla alikuwa akitoka mara nne kwa wiki. Watu wakanyamaza. Kisha mzee mmoja, mtu mwema ninayemheshimu mpaka leo, akamjibu kwa upole kwamba thawabu ya kazi hii haitoki kwa mhasibu. Mama akasema, "Nimekuelewa, mzee wangu," akakaa. Hakuacha kuhudumu. Ila mgonjwa wake wa mbali, aliyekuwa akionwa mara mbili kwa wiki, akaanza kuonwa mara moja.

Mimi nilikuwa miongoni mwa walionyamaza. Tangu siku hiyo nimeliona swali lake likirudi kila penye huduma ya namna hii, mara kwa jina la nauli, mara posho, mara glavu, mara siku ya kupumzika. Linalobishaniwa ni lile lile: mtu akitoa muda wake kwa ajili ya imani, programu inayoupokea muda huo inadaiwa naye kitu gani?

Nianze na hoja ya mzee, maana ina uzito kuliko wanavyodhani wanaoipuuza.

Kumtazama mgonjwa ni agizo la kale. Injili ya Mathayo, sura ya 25, inaliweka kati ya mambo ambayo watu watahukumiwa kwayo. Hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim inalihesabu katika haki tano za Muislamu juu ya Muislamu mwenzake, pamoja na kuitikia salamu na kufuata jeneza. Talmudi ya Wayahudi nayo inasimulia kwamba mwanafunzi mmoja wa Rabi Akiva aliugua, na hakuna mwanachuoni aliyekwenda kumwona. Akiva alipokwenda, chumba kikafagiwa na sakafu ikanyunyizwa maji, na mgonjwa akapata nafuu. Nakipenda kisa hicho kwa sababu ya ule ufagio: hata wanachuoni walijua kwamba kumtazama mgonjwa hakuishii kwenye kukaa na kumpa pole. Lakini mzee wetu angeniambia, na angekuwa sahihi, kwamba katika maandiko yote hayo anayekwenda kwa mgonjwa anakwenda kutimiza haki, na haki haitolewi kwa ujira.

Wapo pia wachumi wanaomuunga mkono, tena kwa hesabu. Mwaka 2000 Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya Israel kwa wanafunzi wa sekondari waliokuwa wakipita nyumba kwa nyumba kukusanya michango ya hisani. Kundi la kwanza halikuahidiwa kitu. La pili liliahidiwa asilimia 1 ya kiasi litakachokusanya, la tatu asilimia 10, na malipo hayo hayakutolewa kwenye michango yenyewe. Waliokusanya zaidi ni wale wasiolipwa. Wa asilimia 10 wakafuata, na wa asilimia 1 wakawa wa mwisho. Kwa anayesimamia huduma ya kujitolea hilo ni onyo kubwa, kwa sababu posho ndogo ndiyo ambayo programu nyingi hukimbilia: kiasi ambacho hakimlipi mtu, lakini kinatosha kumfanya aanze kupima kazi yake kwa fedha.

Kuna jambo la tatu ambalo sikulisoma popote, nililiona. Kwa karibu mwaka mzima nilikuwa namtembelea mzee asiyeweza kutoka kitandani. Wiki ya tatu aliniuliza nalipwa kiasi gani. Nilipomwambia silipwi, alinitazama kwa muda, kisha akaniambia nisogeze kiti. Siku hiyo ndipo alipoanza kunisimulia habari za mwanawe waliyekosana. Muuguzi wake alikuwa mwanamke hodari na mpole, anamfahamu kuliko mimi, na hakuwahi kusimuliwa. Silaumu malipo. Ila mgonjwa aliyezungukwa na watu waliopangiwa zamu ana kiu ya mtu ambaye angeweza kukaa kwake na bado amekuja, na fedha haiwezi kumtuma mtu wa namna hiyo.

Sasa hoja ya mama. Historia yenyewe ya huduma hizi iko upande wake.

Mwaka 1617, katika mji mdogo wa Châtillon huko Ufaransa, padri Vincent de Paul alitangaza kanisani kwamba kuna familia ambayo wote ni wagonjwa na hakuna wa kuwasaidia. Mchana ule watu walimiminika barabarani, kila mmoja na alichobeba. Padri alifurahi, kisha akaona tatizo: chakula kilichofika siku moja kingeharibika, na baada ya siku chache familia ingerudia njaa yake. Akawakusanya wanawake wa mji, wakaunda chama chenye kanuni za maandishi na zamu za siku. Nadhani huo ni mwanzo mzuri wa kueleza programu ni nini hasa: ni huruma iliyopewa ratiba ili isiishe Jumapili jioni.

Ratiba hiyo ilipofika Paris ilikutana na jambo jingine. Mabibi wa tabaka la juu waliojiunga walikuwa tayari kutoa fedha na kusimamia, lakini kazi yenyewe ya kubeba vyungu, kupanda ngazi na kuosha miili iliwashinda, au iliwashushia hadhi, wakaanza kuwatuma watumishi wao. Kazi iliangukia wasichana wa vijijini. Wa kwanza wao, Marguerite Naseau, alikuwa mchunga ng'ombe, na alikufa mwaka 1633 kwa tauni baada ya kumlaza mgonjwa kwenye kitanda chake mwenyewe. Mwaka huo huo Vincent de Paul na Louise de Marillac walianzisha jumuiya ya Mabinti wa Upendo, ambamo wanawake wa aina yake walipata pa kulala, chakula, mafunzo na wenzao wa kuwauguza wakiugua.

Ukiitazama hatua hiyo kwa makini utaona kwamba waanzilishi walikiri kitu. Kazi ya kila siku haikuweza kubebwa na watu wa kujitolea wa saa za ziada, na yule anayeifanya kila siku lazima atunzwe na mtu. Hawakumpa mshahara, kweli. Lakini walimpa kila kitu ambacho mshahara hununua.

Tatizo la programu nyingi za leo ni kwamba zinataka juhudi ya Marguerite Naseau kutoka kwa mtu ambaye jioni anarudi kwake kupika, kulipa kodi na kumsimamia mtoto afanye kazi za shule. Na mtu huyo kwa kawaida ni mwanamke. Shirika la Kazi Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 wanawake milioni 708 walikuwa nje ya soko la ajira kwa sababu ya majukumu ya matunzo, wakati wanaume walikuwa milioni 40. Mwanamke anayeombwa kujitolea kuhudumia wagonjwa wa jumuiya mara nyingi tayari ana mgonjwa au mtoto nyumbani. Tunamuongezea.

Wakati wa janga la UKIMWI nchini Zambia huduma hii ilionyesha nguvu yake na mipaka yake kwa pamoja. Hospitali ya Chikankata ya Jeshi la Wokovu ilianza kuwafuata wagonjwa majumbani mwaka 1987, na miaka michache baadaye Jimbo Katoliki la Ndola lilijenga mtandao uliosimama juu ya mamia ya watu wa kujitolea mitaani. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa bado hazijawafikia wagonjwa wa kawaida. Watu wale waliwaosha wagonjwa, wakawageuza kitandani wasipate vidonda, wakakaa nao hadi mwisho. Hakuna serikali ambayo ingeweza kuajiri mioyo ile kwa haraka ile. Lakini wengi wa waliohudumu walikuwa maskini kama waliohudumiwa, na dharura ikageuka kuwa desturi: kwa kuwa wanaweza kufanya bure, wataendelea kufanya bure. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaopendekeza wahudumu wa afya ya jamii walipwe kulingana na uzito wa kazi, saa zao na mafunzo yao, na waliolipwa wawe na makubaliano ya maandishi.

Je, mwongozo huo unamhusu mtu anayekuja kumsomea mgonjwa zaburi au Yasini? Hapa ndipo naona pande zote mbili hukosea, kwa sababu zinawazungumzia watu wawili tofauti kwa jina moja.

Mimi hupima kwa siku ambayo mtu hakufika. Nilipokosa kwenda kwa yule mzee, alisikitika, labda alichoka na ukimya, lakini alikuwa ameoshwa na dawa zake amekunywa. Mama wa nauli asipofika, kuna mtu anashinda kwenye shuka lililolowa. Cha kwangu kilikuwa zawadi, na kunilipa kungekiharibu. Cha kwake ni kazi. Kinakuwa kazi siku ile mgonjwa anapoanza kukitegemea mwilini mwake, haidhuru anayekifanya anakifanya kwa upendo kiasi gani. Anastahili kulipwa, na kama jumuiya haina uwezo wa kumlipa, basi walau asitoe mfukoni mwake hata senti moja ili aitumikie: nauli, glavu, sabuni, simu, matibabu akiumia mgongo kwa kumnyanyua mtu aliyemzidi uzito.

Najua mpaka huo hauko wazi. Anayekuja kuzungumza huishia kumnywesha mgonjwa maji, kesho anamsaidia kufika chooni, na miezi mitatu baadaye ndiye tegemeo la nyumba nzima bila yeyote kuamua hivyo. Ndiyo maana mratibu mzuri huuliza kila mara ni nini hasa kinafanyika chumbani, wala haishii kuhesabu ziara.

Pingamizi zito zaidi ni hili: jumuiya isiyo na fedha ifanyeje? Ikisema italipa nauli na kununua vifaa, huenda ikalazimika kupokea wagonjwa kumi badala ya ishirini. Sina jibu linaloniridhisha. Kumwambia mgonjwa wa kumi na moja kwamba hakuna nafasi ni jambo la kutisha, na mzee wa kikao chetu angeliita ukosefu wa imani. Bado naona ni afadhali. Nimeshuhudia programu iliyokubali wote. Ndani ya muda mfupi waliojitolea walichoka, wakaacha mmoja mmoja bila kuaga kwa sababu ya aibu, na walioachwa ni wale wale walioahidiwa. Aibu hiyo haipatikani kwenye kazi ya kawaida. Mwajiriwa akichoka anaomba likizo. Aliyeambiwa kwamba anamtumikia Mungu huona kuchoka kwake ni dhambi, na viongozi wa dini wanaojua hilo na kulitumia wanafanya jambo ambalo nalichukulia kuwa baya sana.

Liko suala jingine lisilokwepeka, la sala kitandani. Wakosoaji wanasema mgonjwa anayemtegemea mtu kwa maji ya kunywa hawezi kumkatalia akisema, "Tusali." Wana haki. Kanuni za mwenendo za Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada, za mwaka 1994, zinasema wazi kwamba msaada hautatumiwa kuendeleza msimamo fulani wa kisiasa au wa kidini. Lakini kuna ukatili pia katika kumnyima mtu anayekufa sala anayoitamani, eti kwa kuheshimu taratibu. Cicely Saunders, aliyefungua hospisi, yaani nyumba ya kuwatunza wagonjwa walio karibu na kufa, ya St Christopher's London mwaka 1967 kwa msukumo wa imani yake ya Kikristo, aliifungua kwa watu wa dini zote na wasio na dini. Ninachokishika mimi ni chembamba: mgonjwa ndiye anayeanza. Akisali, tunasali naye. Asiposali, shuka linabadilishwa vile vile, kwa mikono ile ile.

Na sala ina mlango mmoja wa kuvujishia siri unaosahaulika. Siku ya ibada mtu anasimama na kuomba jumuiya imwombee fulani, "figo zake zimeshindwa kabisa." Amesema kwa huruma tupu. Kufikia jioni majirani wote wanajua ambacho mgonjwa alikuwa hajawaambia watoto wake.

Katika zile kanuni za Châtillon kuna agizo moja ninalolirudia kwa kila mtu mpya anayejiunga. Anayepeleka chakula aanzie kwa wagonjwa wenye watu wa kukaa nao, amalizie kwa walio peke yao, ili apate kukaa nao zaidi. Agizo hilo linadhani kwamba anayehudumu ana muda uliobaki. Mtu aliyetembea kwa miguu kutoka upande mmoja wa mji hadi mwingine hana.

Katika jumuiya yetu nauli ilianza kutolewa mwaka uliofuata, kwa wote, kwenye bahasha, bila mtu kulazimika kuinua mkono. Mzee aliyejibu siku ile alipokea ya kwake kama wengine, akaitia kwenye sanduku la sadaka akiwa anatoka. Mama alipanda gari kwa ya kwake, akaenda kwa mgonjwa wa mbali, kwa mara ya pili wiki hiyo.