Ukikaa chuoni tu miaka yote, China hujaiona

Kuna jambo linanikera muda sasa, bora niliandike. Sisi wanafunzi tuliopo China, hasa wenye skolashipu ya serikali, wengi wetu tunamaliza digrii tunaujua mji mmoja tu, na wenyewe tunaujua kuanzia geti la chuo mpaka supamaketi na kituo cha metro. Alafu mtu akituuliza huko China kukoje tunajibu kwa kujiamini kabisa, Wachina wako hivi, Wachina wanakula vile. Wachina wa wapi jamani?

Chukua suala la baridi tu. Kuna mstari wa milima ya Qinling na mto Huai unaogawa kaskazini na kusini, na tangu miaka ya 1950 serikali ilipanga kwamba kaskazini mwa hapo majumba yapashwe joto kwa mabomba, sehemu nyingi kuanzia katikati ya Novemba mpaka katikati ya Machi. Kusini hakuna. Matokeo yake unafika Harbin nje ni nyuzi 20 chini ya sifuri au zaidi, mto Songhua umeganda mpaka watu wanakata mabarafu kujengea majumba ya maonyesho, lakini ukiingia ndani watu wamevaa tisheti. Sasa nenda Wuhan au Changsha mwezi wa kwanza, nje nyuzi 5 hivi, ndani nako hivyo hivyo, unalala na koti na soksi mbili mbili. Mwanafunzi wa Harbin na wa Changsha wakikutana wakaanza kubishana kuhusu baridi ya China hawatamaliza leo wala kesho, maana kila mmoja anaongelea nchi yake.

Chakula ni hivyo hivyo. Kaskazini ni ngano, tambi na mikate ya mvuke, kusini ni wali. Sichuan wana ile pilipili inayotia ganzi ulimi mpaka midomo huisikii, ukishuka Guangdong unakuta samaki wa mvuke na tangawizi kidogo basi. Na lugha ndo usiseme, umekomaa na Kichina cha darasani mwaka mzima umefaulu na mtihani wa HSK, unafika Guangzhou wazee sokoni wanaongea Kikantoni huambulii kitu. Kwa Waislamu niwape hili, kila mji niliopita nimekuta mgahawa wa tambi za Lanzhou, wenyewe wengi ni Waislamu waliotoka Gansu na Qinghai, angalia maandishi ya qingzhen mlangoni ujue hapo ni halali, na bei yake mwanafunzi anaimudu.

Ila sehemu iliyonigusa kuliko zote ni Quanzhou, mkoa wa Fujian. Watu hawaitaji sana, wanakimbilia Shanghai kupiga picha. Pale kuna msikiti wa Qingjing uliojengwa mwaka 1009, wa mawe, lango lake refu lina maandishi ya Kiarabu, na kwenye jumba la makumbusho la mambo ya bahari kuna mawe ya makaburi ya wafanyabiashara waliotoka Uajemi na Uarabuni. Ndo bandari ile Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco wa karne ya 14, aliiita Zaitun, na ni Ibn Battuta huyu huyu aliyefika Kilwa mwaka 1331. Nilisimama pale nikawa nawaza, kumbe watu wa bahari yetu na watu wa hapa walishakuwa kwenye njia moja ya biashara karne nyingi kabla ya hizi skolashipu, na mimi ningemaliza masomo bila kulijua hilo kwa sababu tu halimo kwenye kozi yangu! UNESCO wenyewe waliuingiza mji huo kwenye urithi wa dunia mwaka 2021.

Najua mtasema hela. Ni kweli, posho ya skolashipu ya serikali kwa digrii ya kwanza ni yuani 2,500 kwa mwezi, sio ya kuchezea. Ndo maana nasema panda treni za zamani, zile za kijani. Beijing mpaka Guangzhou ni kama kilomita 2,300, mwendokasi inatumia saa nane hivi, ya kawaida inazidi saa ishirini lakini kwenye kiti kigumu hata theluthi ya nauli ya mwendokasi haifiki. Mgongo utauma, sikatai. Lakini kila behewa lina maji ya moto ya kulowekea tambi, watu wanacheza karata, wanakugawia mbegu za alizeti, mama wa pembeni anataka kujua mzazi wako ana watoto wangapi, na Kichina utakachoongea usiku ule hakuna mwalimu atakayekupa darasani.

Usisafiri tu wiki ya Oktoba mosi, sikukuu ya taifa lao, wala mwaka mpya wa Kichina, nchi nzima inahama. Tiketi zinafunguliwa siku 15 kabla na zinakatwa kwa pasi ya kusafiria, kwa hiyo usiiache hosteli. Ukilala kwa rafiki badala ya hoteli mnatakiwa kujiandikisha polisi ndani ya saa 24, na Tibet mgeni haendi kivyake, lazima kibali maalum kupitia wakala.

Wale wanaosema nitazunguka nikimaliza, mimi siwaelewi kabisa. Mwaka wa mwisho wote ni tasnifu, ukishakabidhiwa cheti kibali cha ukaazi nacho kinaelekea ukingoni na tiketi ya ndege ishakatwa, unazunguka saa ngapi? Likizo ya kiangazi mwaka wa kwanza ndo wakati wake, hata kama ni mji wa jirani wa saa mbili tu kwa treni, nenda.